Mhusika Mkuu ni Nyapara

Ijumaa jioni Angelina aliingia jikoni bila kusalimia, akaweka karatasi ya mtihani wa Kiswahili juu ya mfuniko wa ndoo. Kumi na moja kati ya hamsini. Chini, Mwalimu Noel alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: atapewa hadithi nyingine Jumatatu, akishindwa tena, atarudia kidato cha pili.

Bibi yake, Evarista, aliisoma mara mbili. Yeye aliishia darasa la saba, lakini ndiye aliyemlea mtoto huyu, na ndiye aliyewafundisha katekisimu watoto wa kigango chao pale Oldeani.

"Mhusika ni nini?" akauliza.

"Mhusika ni mtu, mnyama au kiumbe chochote kinachotenda au kutendewa katika hadithi."

"Mandhari?"

"Mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio ya hadithi hutokea."

Yalimtoka bila kikwazo. Bibi akashangaa. "Sasa umeangushwa na nini?"

"Bibi, hawakuuliza maana. Walileta hadithi ngeni wakasema tuonyeshe. Mimi nikaandika maana zote."

Evarista akakaa kwenye kigoda. Hivyo ndivyo alivyomfundisha: swali, jibu, swali, jibu, mpaka padre akasifu kwamba mtoto hakosei hata neno. Kuonyesha, hakumwambia hata siku moja. Akaomba kimoyomoyo: Bwana, kosa hili ni langu, nisaidie.

Kesho yake, kwenye sala ya jumuiya nyumbani kwa Mama Katarina, likasomwa somo la mgonjwa aliyeshushwa kupitia paa la nyumba, likafuata swali la kila Jumamosi: umeguswa wapi? Hakuna aliyejibu kwa kueleza maana ya neno. Mmoja aliguswa na mgonjwa, mwingine na mwenye nyumba. Zamu ya Evarista ikafika, naye ameinamia chini akiuwaza mtihani wa mjukuu wake. Katarina akamgusa bega.

"Evarista, umelala?"

"Sijalala. Nimeamshwa."

Mchana huo, wakichambua maharage, akamsimulia Angelina jinsi babu yake, marehemu Bartolomeo, alivyokuja kwa miguu kutoka Mbulu kutafuta kazi kwenye shamba la kahawa. Nyapara akamfukuza getini, eti watu wa huko wavivu. Babu akalala kwa msamaria mwema. Asubuhi, akirudi kwao, akakuta lori la shamba limezama kwenye tope. Akavua shati, akachimba kwa jembe lake mpaka likatoka. Kumbe nyapara yumo ndani. Akashuka na viatu vyake vizuri kwenye tope, akasema mbele ya vibarua, "Jana nilikosea." Akampa kazi.

"Haya, mandhari?"

"Barabara ya Oldeani, wakati wa masika."

"Mgogoro?"

"Babu anataka kazi, nyapara hataki kumpa."

"Mhusika mkuu?"

"Nyapara."

"Weee! Babu yako kachimba tope mpaka kiunoni, halafu sifa unampa nyapara?"

"Bibi, babu ni mwema toka mwanzo mpaka mwisho. Nyapara ndiye kabadilika. Yeye ndiye tunayemngoja tuone atafanya nini."

Evarista akakumbuka sala zake za kila siku. Kwa mkate wa miaka yote ile alimshukuru Mungu, akamshukuru mumewe. Yule mtu aliyeshuka kwenye tope akakiri kosa, hakuwahi kumwombea hata mara moja. Akaacha maharage, akafanya ishara ya msalaba.

Jumatatu Angelina alirudi mbio. Thelathini na tisa.

Jumanne Evarista akabeba jogoo mpaka shuleni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Mwalimu Noel. Nimekuja kushukuru."

"Mjukuu wako kanipa kazi, Bibi. Hadithi ilikuwa ya wafugaji wawili wanaogombania kisima. Darasa zima limeandika mhusika mkuu ni yule mfugaji mkubwa, na mwongozo wangu unasema hivyohivyo. Angelina kaandika ni mke wake, aliyewanywesha ng'ombe wa wote wawili. Nikasoma sababu zake, nikamkata alama. Nikasoma tena, nikamkata tena. Mara ya tatu nikampa alama zote."

Evarista akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Basi huyu, Mwalimu, ni wa ile mara ya tatu."