Mama Mvuke Apanga Chumba

Habari ilimkuta Mama Mvuke ameshika ncha mbili za shuka la hoteli, mwenzake ameshika nyingine mbili, wanalikunja. Jina hilo alipewa na wafanyakazi wa kiwanda cha udobi alichokisimamia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akichomoza katikati ya mvuke wa mashine za pasi pale tu mtu alipodhani hayupo. Tena, wenyewe walivyosema, hasira zake hupanda haraka na kushuka haraka. Simu ikatetemeka mfukoni. Akasoma mstari wa kwanza, akaurudia, kisha akaachia ncha zake. Shuka likaanguka sakafuni, na hapo watu wakajua kuna jambo, maana hakuna aliyewahi kumwona Mama Mvuke akiangusha shuka safi.

Alikuwa amekubaliwa katika shule ya biashara. Wala si shule ya biashara hivi hivi tu: ni ile yenye jengo la vioo katika mji wa jirani, ambayo wakurugenzi waliosoma pale huitaja hata wasipoulizwa. Mwaka mmoja, masomo ya kutwa, na ada yote juu ya shule. Maombi aliyajaza kimyakimya, akiwa na digrii aliyoipata kwa kusoma jioni miaka saba, na hakumwambia mtu kwa sababu hakutaka kupewa pole akikataliwa. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na sita.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa mumewe. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukaa kiti cha abiria huku mwingine ameshika usukani, naye akijikaza asionekane anaogopa. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwaka mzima," alisema.

"Mwaka mzima. Wikendi nitakuja, zile nitakazoweza."

"Basi nenda. Mimi nitajifunza kupika kitu cha pili." Kitu cha kwanza, mayai, alikuwa anakijua tayari.

Binti yao wa pekee, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya ukunga, ndiye aliyeshika hatamu. Alikuwa ameishi bwenini miaka mitatu na alijiona mtaalamu. Jioni ileile alibandika karatasi kwenye mlango wa friji: jozi mbili za shuka, kufuli, kandambili za bafuni, waya wa kuongezea umeme, kamba ya kuanikia. Kisha akamketisha mama yake na kumpa maagizo. Asifungue mlango kabla ya kuuliza ni nani. Asiazime mtu chaja, maana chaja ikitoka hairudi. Akiumwa apige simu, asisubiri mpaka azidiwe. Mama Mvuke alimtazama akinyoosha kidole, akatambua kwamba maneno yale ni yake mwenyewe, aliyoyatoa miaka mitatu nyuma, kwa sauti ileile na kidole kilekile. Akaitikia na kuandika.

Shule nayo ilituma mazoezi ya hesabu ya kufanywa kabla ya kuanza. Akawa anayafanya kiwandani saa ya chai, daftari juu ya rundo la taulo, na kila asubuhi wapiga pasi walimwuliza amefika wapi, utadhani wanafuatilia ligi. Alipokwama kwenye hesabu za uwezekano walikwama naye. Mmoja alishauri aziruke tu, ajibu zinazofuata.

Kilichomtoa jasho hasa ni chumba. Ofisi ya makazi ilimwandikia kwamba vyumba vya hosteli viligawiwa kwa kura na yeye kura haikumwangukia, ila kulikuwa na orodha ya nyumba za watu binafsi karibu na shule. Akapiga simu nyumba sita. Wa kwanza alimwuliza anamtafutia mtoto wake wa kike au wa kiume. Wa pili alikuwa na chumba mpaka alipotajiwa umri, kikawa kimechukuliwa dakika ileile. Wengine watatu walikuwa na lugha nzuri zaidi, jibu likawa lilelile. Wa sita alikuwa mzee mpima ardhi mstaafu, sauti nzito, asiyependa maneno mengi. Huyo hakuuliza umri. Alisema chumba kipo, mwanafunzi aje Jumamosi pamoja na mlezi wake. Mama Mvuke alidhani mzee anamaanisha mdhamini. Akamchukua binti yake ili asiende peke yake, wakaondoka.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, rangi ya maziwa, mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye jengo la vioo. Mpima ardhi aliwapokea mlangoni na makaratasi mkononi. Walimwamkia, akaitikia, akamkaribisha Mama Mvuke kwa heshima zote, kisha akamgeukia binti na kumwuliza kama hesabu anaziweza, maana pale shuleni, alivyosikia, hesabu hazina huruma. Binti akafungua mdomo kujibu, akamtazama mama yake. Mama Mvuke, ambaye wiki nzima alikuwa amechoka kukataliwa kwenye simu, alinyamaza. Alitaka angalau akione chumba kabla hakijachukuliwa.

Wakapanda ngazi. Kilikuwa chumba cha pembeni, na dirisha pana lililotazama uani. Kulikuwa na kitanda cha mbao, meza iliyokaa sawasawa bila kuyumba, na kabati ambalo mlango wake ulitaka uinuliwe kidogo ndipo ufunguke. Mpima ardhi alitoa karatasi mojawapo. Ilikuwa ramani ya chumba kile, ameichora mwenyewe kwa penseli, vipimo vyote vimo, mpaka upinde mdogo wa kuonyesha mlango unafungukia wapi.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alimwambia Mama Mvuke. "Wasichana wa hapa wametulia. Mtoto wako atakuwa salama kabisa."

Binti alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokibana. Mama Mvuke akaona yatosha.

"Mzee, nashukuru sana," alisema. "Ila mwanafunzi ni mimi. Huyu amenisindikiza."

Mpima ardhi akaitazama fomu ya upangaji mkononi mwake, akamtazama yeye, akairudia fomu. Hakucheka. Aliketi taratibu kwenye ukingo wa kitanda na kuuliza kama ni kweli amekubaliwa pale kwenye vioo. Akaambiwa ni kweli. Akatikisa kichwa kwa muda, kama mtu aliyepima kiwanja mara mbili na kupata majibu mawili. Kisha akaeleza kwamba kuhusu chumba hana neno, lakini kila mwanafunzi wake lazima awe na mlezi wa kutia sahihi, kwa kuwa mwaka mmoja mpangaji aliugua ghafla na yeye hakujua ampigie nani. Kanuni hiyo hajawahi kuivunja, na hataivunja hata kwa mtu anayekaribia umri wake. Mama Mvuke alimwambia kwamba umri wake hajaukaribia hata kidogo. Mzee akaomba radhi kwa hilo.

"Basi mlezi yupo," akasema Mama Mvuke, akamwonyesha binti yake.

Binti alikalia kiti cha mezani na kushika kalamu, lakini hakutia sahihi. Alisema mlezi mwenye akili husoma kwanza. Akazisoma kanuni zote kwa sauti, akisimama kila mwisho wa mstari.

"Wageni mwisho saa tatu usiku. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Muziki usisikike chumba cha pili. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Mpangaji akivunja kanuni, mlezi ataitwa." Hapo sauti ilianza kumvunjika. "Mama, nitaitwa."

"Tia sahihi, mwanangu, kabla sijabadilisha mlezi."

Sasa hata mpima ardhi alicheka, kicheko kikavu cha mtu asiyekitumia mara nyingi. Lakini lilibaki moja. Katika nyumba ile waliishi wanafunzi wengine watatu, na mgeni hakuingia mpaka wao wakubali. Walikuwa jikoni wanasubiri.

Mmoja alikuwa mhandisi wa maji, mwingine aliwahi kuhudumia wateja kwenye dirisha la benki, wa tatu alikuwa mfamasia. Wote walikuwa hawajafika thelathini, na wote walikuwa wakianza shule siku moja na yeye. Waliinuka vitini kwa pamoja na kumwamkia shikamoo tatu zilizogongana. Mhandisi akatazama sufuria. Aliyekuwa benki akatazama kucha zake. Mfamasia, msichana mdogo wa mwili na mwenye macho makavu, ndiye aliyejitoa mhanga.

"Mama, nisamehe nikisema wazi," alisema. "Sisi tumetoka kwa mama zetu juzi tu. Tunaogopa tutaanza kuulizwa tumekula nini na tumerudi saa ngapi."

Mama Mvuke aliusikia mvuke ukimpanda shingoni. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, ameonyeshwa chumba, amekipenda, na sasa tena yaleyale. Lakini kabla haujafika kichwani ulianza kushuka, kwani alikumbuka wale watano wa simu na lugha zao nzuri. Huyu mtoto alikuwa wa kwanza kumwambia kilichomo moyoni.

"Mwanangu," alianza, kisha akajisahihisha. "Mwenzangu. Mimi nimelea wa kwangu, yule pale kwenye ngazi, na bado ananipa kazi. Sikuja kutafuta wengine watatu. Tangu nizaliwe sijawahi kulala katika chumba changu mwenyewe. Kwanza dada zangu wanne, halafu mume. Nataka meza yangu na mlango wangu kwa mwaka mmoja tu. Mkirudi saa ngapi ni shauri lenu. Tena huenda ninyi ndio mtakaonilalamikia, maana nikifanya hesabu huwa nazisemesha namba kwa sauti."

Mhandisi akainua macho kutoka kwenye sufuria. Alitaka kujua kama amefika kwenye hesabu za uwezekano.

"Nimefika, na nimenasa hapohapo."

Mhandisi alisema kwamba hata yeye amenasa, swali la nne, lile la mipira myekundu na myeupe. Aliyekuwa benki, bila kuulizwa, akaenda kuleta daftari lake. Wakasogeza vikombe, wakalifungua mezani, na Mama Mvuke akavuta kiti. Kumbe kosa lake lilikuwa dogo tu: alikuwa akirudisha mfukoni mpira ambao swali halikusema urudishwe. Alicheka mpaka akajishika kichwa. Nusu saa nzima binti yake na mpima ardhi walingoja kwenye ngazi, wakisikia sauti nne zikibishania mipira. Kura haikupigwa. Ila walipoinuka, mfamasia alifungua friji na kumwonyesha.

"Rafu yako ni hii ya tatu," alisema. "Na shikamoo yetu ni moja kwa siku, asubuhi. Bafuni hatuamkiani."

Mama Mvuke akasema hayo ndiyo masharti mazuri kuliko yote aliyosomewa siku ile.

Alihamia Jumapili mbili baadaye, mchana kweupe. Mumewe alimleta kwa gari la shule ya udereva kwa kuwa ndilo lililokuwepo, na juu ya paa lake, kama kawaida, kulikuwa na ubao mwekundu ulioandikwa MWANAFUNZI. Njia nzima madereva wengine waliwapisha. Walipoegesha nje ya nyumba, wale wasichana watatu walitoka kupokea mizigo, wakauona ubao, wakavunjika mbavu. Mwalimu wa udereva hakuona cha kuchekesha. Alisema gari limeandikwa ukweli mtupu.

Godoro ndilo lililoleta ubishi. Mwalimu wa udereva alitaka kulipitisha kwenye kona ya ngazi kwa kurudi nyuma, kama mtu anayeegesha. Mpima ardhi alisimama juu na kusema haliwezi, pembe hiyo ameipima, lisimamishwe wima. Walibishana kwa adabu, kila mmoja akimwita mwenzake mzee mwenzangu, mpaka Mama Mvuke akapita katikati yao, akalikunja godoro kama anavyokunja duveti, yale mablanketi manene ya hoteli, akalifunga kwa kamba ya kuanikia na kulipandisha mwenyewe. Mumewe alimtazama akipanda, na mpima ardhi akamnong'oneza kwamba bila shaka huyu atafaulu.

Kitandani alitandika shuka walizompa wafanyakazi wake siku ya kuagana. Walikuwa wamezipiga pasi zamu nzima ya mchana, na ndani ya mkunjo wa foronya kila mmoja alikuwa ameandika jina lake kwa wino wa kuwekea nguo alama, ule usiotoka kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Aliyasoma yote. Mumewe alisimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi.

"Kwa wanafunzi wangu huwa nasema neno moja kabla hawajaondoka," alisema. "Angalia kioo, toa ishara, ondoka. Wewe ondoka tu. Ishara umeshatoa."

Mama Mvuke akacheka huku machozi yanamtoka, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akamsukuma taratibu kuelekea ngazini. Alimsikia akiagana na kila mtu chini, kisha gari likanguruma, likazima, likawaka tena, likaondoka.

Akafunga mlango wake. Akakalia kitanda, akahamia kwenye kiti, akarudi kitandani. Akalifungua kabati, akalifunga. Kisha akajinyoosha kidogo tu, kwa majaribio. Alipoamka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na jioni ile walikwenda wote wanne kwenye hafla ya kukaribisha wanafunzi wapya. Pale, alipoulizwa anatoka taasisi gani ya fedha, alieleza jinsi shuka elfu nne zinavyooshwa kwa siku bila hata moja kupotea, mpaka duara la watu likawa kubwa na mhadhiri mmoja akaanza kuandika.

Asubuhi ya Jumatatu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili, Mama Mvuke alichelewa kuamka. Bafuni alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Mfamasia aligonga mlango akisema zimebaki dakika tisa, mhandisi alikuwa amevaa kiatu kimoja, aliyekuwa benki alikuwa hapati ufunguo wake. Wakatoka mbio, mabegi yanawapiga mgongoni, wakavuka barabara, wakapita getini mbele ya mlinzi aliyewaambia wapunguze mwendo. Hakuna aliyepunguza. Mama Mvuke alishika sketi kwa mkono mmoja, daftari kwa mwingine, na walipofika kwenye ngazi za jengo la vioo alikuwa mbele yao wote.