Viti vya La Viña

Jua lilipopoa, Eulalia Benítez alitoa kiti chake mlangoni, kama wafanyavyo watu wa La Viña, mtaa wa mji wa Cádiz huko Uhispania, kila kiangazi, akaanza kubangua mbegu za alizeti kwa meno. Mtaani alikuwa amebaki peke yake. Nyumba nyingine zote zilikuwa za wageni wa siku mbili tatu, wanaokuja Cádiz wakiburuta masanduku ili waone mnara, kanisa kuu na ufuo wa La Caleta.

Frasquita wa nyumba ya pili akaja na kiti chake. Alikuwa amekufa zamani, lakini umbea ulikuwa umemjaa tele, maana huko alikotoka, alisema, hakuna wa kumsengenya. Eulalia akamsogezea mbegu. Kesho yake wakaja wengine, kila marehemu mbele ya mlango wake wa zamani, na Ginés, mume wa Eulalia, akakaa kando ya mkewe na kulalamikia joto kama kawaida yake. Eulalia alifurahi mno. Alikuwa amechoka kunyamaza.

Nuria, msichana anayetembeza watalii, akawaingiza katika ziara yake, baada ya kanisa kuu na kabla ya ufuo. Wageni walipiga picha. Frasquita aliicheka miguu yao iliyobabuka, nao wakacheka pia bila kuelewa.

Bwana Olmedo, mwenye nyumba, alikuja kujionea. Aliwasalimu marehemu mmoja mmoja, akawaambia wakae watakavyo. Kisha akamweleza Eulalia kwamba mkataba wake hautaongezwa, kwa kuwa sasa wageni wanagombania madirisha yanayowatazama marehemu.

"Na hawa mbona unawaacha?" Eulalia aliuliza.

"Hawa hawalali ndani, mama."

"Kwa hiyo kosa langu ni kupumua."

"Usiseme hivyo. Siku yako ikifika, nafasi yako ipo."

Ginés alimporomoshea Olmedo matusi yote aliyoyakumbuka, na mtalii mmoja akayarekodi. Haikusaidia kitu.

Kiangazi kilipokwisha, Eulalia alihamia kwa mwanawe, ng'ambo ya daraja, ghorofani, ambako hakuna mlango wa kukaa nje. Ilimuuma sana. Jioni hupanda basi akarudi kukaa na wenzake.

Juzi, kundi la wageni lilipofika, Nuria alimwinamia, akamnong'oneza kwa heshima zote: "Bibi, naomba usogee kidogo. Hawa wamekuja kuona wenyeji."