Godoro ya Koko

Mangaribi, mu kartie Lumumba ya Bunia, Kavira alitandika godoro chini, akalaza mutoto wake Aimée katikati. Mutoto alipanda juu kipimo cha kiganja, akabaki anaelea pale, macho wazi.

— Ameanza tena, alisema Katsuva, bwana yake. Kichwa nguvu ya kwenu.

— Ya kwetu? Kwetu watu wanalala vizuri.

Walikuwa wamemupa dawa ya minyoo. Walimuchapa kidogo, akapanda zaidi. Wakimulaza kwenye udongo, anakoroma sawa muzee. Alikataa godoro tu, tena godoro nene, waliyokimbia nayo vita toka Djugu.

Jirani yao Kanyere aliingia kuomba moto. Alipitisha mukono chini ya mutoto, kama mutu anayetafuta mayai chini ya kuku.

— Nafasi iko, alisema. Aimée, hapa ni pa nani?

— Pa koko.

Koko alikuwa mama ya Katsuva, miguu imekufa zamani. Kule Djugu nyumba ilikuwa na kinga moja, baskeli ya kubebea mizigo. Asubuhi ya risasi walimutoa koko juu ya godoro yake, wakamukalisha kwenye kiti karibu na jiko, wakafunga godoro kwenye kinga. Kila mutu alikimbia na godoro. Ukifika Bunia bila godoro, watakuuliza kama ulikuwaka na nyumba. Mutoto walimwambia: koko anakuja nyuma.

— Kinga ni moja, alisema Katsuva.

— Papa Aimée, mimi niliomba moto tu.

Kanyere akachukua makaa yake, akaenda.

Njia ya Djugu ilipofunguka, Katsuva aliondoka na kinga kumufuata koko. Aimée alikaa kwenye mulango siku muzima, hakula. Kinga ilirudi imejaa maharagi.

— Ulimuona mama? aliuliza Kavira.

— Yuko pale kwenye kiti. Anawasalimia.

— Na kinga haikumubeba?

— Maharagi ilikuwa bei ya chini. Nitamubeba safari ingine.

Mutoto aliangalia magunia mbili ya maharagi, moja, kisha ingine. Hakulia. Alipanda pole pole mpaka karibu na mabati.

Kavira alimufunga kitenge kwenye muguu, upande mwingine akaufunga kwenye nguzo, asiumie kichwa. Godoro ikabaki na nafasi kubwa. Katsuva akalala katikati, akanyoosha miguu.