Bahasha ya Pili kutoka Dar

Jumanne ya tarehe 14 Septemba 2004, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kompyuta ya hospitali ya mradi ilikataa kusema nani ana damu ya kumfaa Apolonia. Leonadi, mumewe, alikuwapo. Alikuwa amesimama mlangoni mwa masijala, kandambili mkononi, maana sakafu ilikuwa imepigwa deki na kibao kilikataza viatu. Alimwona Cletus, karani wa masijala, akibonyeza mara ya kwanza, akibonyeza tena, kisha akijifuta jasho juu ya mdomo. Kioo kilijaa maandishi ya Kiingereza, mistari kumi na kitu, yameshuka kama siafu.

"Inasemaje?" Leonadi akauliza.

"Inasema haioni."

"Haioni nini?"

"Ngoja kwanza, mzee."

Wakangoja. Cletus aliizima, akaiwasha, programu ikafunguka vizuri kama kawaida yake. Aliandika jina la mgonjwa, ikalipokea. Akaandika dawa, ikapokea. Alipofika kwenye kitufe cha kutafuta wachangia damu, siafu wakarudi.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na daftari. Lilikuwa daftari kubwa la gamba jekundu, lenye majina ya watu zaidi ya mia mbili, tangu Nangurukuru mpaka Njinjo, na kila mtu aina ya damu yake. Mradi ulipoleta kompyuta, Mganga Mkuu alibandika tangazo kwamba daftari sasa basi, tunakwenda na wakati. Daftari likafungiwa stoo. Ufunguo wa stoo ulikaa mfukoni mwa Mganga Mkuu, na Mganga Mkuu siku hiyo alikuwa Lindi kwenye semina ya kuboresha huduma.

Mimba ya Apolonia ilikuwa imetunga nje ya kizazi, ikapasuka. Damu yake ilikuwa O hasi, damu ya watu wachache. Leonadi alipimwa, ikakataa. Wauguzi wakapita kwenye mabenchi ya wagonjwa wakiomba, watu kumi na mmoja wakatoa vidole vikachomwa, hakuna hata mmoja. Saa tisa alasiri akafa. Mtoto wao Getrude alikuwa shuleni, anafanya jaribio la hesabu.

Leonadi hakulia pale. Alirudi masijala akamwambia Cletus, "Hayo maneno nitolee kwenye karatasi."

"Ya nini tena, mzee?"

"Nitolee."

Cletus akayachapa. Leonadi akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya marehemu, akaibeba mfukoni mwa shati tangu siku hiyo.

Hakuwa mtu wa kusoma. Darasa la nne alilimaliza kwao huko juu, Umakondeni, akashuka Lindi kubangua korosho kiwandani. Kiwanda kikauzwa, mashine zikang'olewa, wakaambiwa ni soko huria. Akahamia Nangurukuru kupakia mizigo juu ya mabasi, Apolonia akafungua banda la chakula palepale njia panda. Kiwanda kilipokufa walisema soko limefanya. Apolonia alipokufa walisema kompyuta imefanya. Katika miaka hamsini na miwili Leonadi alikuwa hajasikia hata mara moja kwamba wakubwa wamefanya kitu.

Akawa anakwenda hospitali kila Jumatatu, anakaa barazani mbele ya ofisi. Mganga Mkuu akipita humwambia, "Mzee, ile ni hitilafu ya kitaalamu."

"Ina jina?"

"Nani?"

"Huyo Hitilafu. Niende kwao."

Wauguzi walicheka, Mganga Mkuu hakucheka. Jumatatu ya saba wafadhili walikuja kukagua, wakamkuta pale na nailoni yake, wakauliza. Ndipo mambo yakakimbia. Fundi akaitwa kutoka Dar. Na kabla fundi hajafika, Mganga Mkuu alikwishampata mtu: Cletus alisimamishwa kazi kwa kosa la kufuta mafaili. Alikuwa akicheza karata kwenye kompyuta ya ofisi, ikasemwa, ndiyo akaharibu. Fundi akithibitisha, barua ya kumfukuza ilikuwa tayari, na baada ya barua, polisi.

"Nimedai ng'ombe, wananipa kifaranga," Leonadi aliwaambia wapakiaji wenzake.

Hata hivyo alitaka awepo. Siku fundi alipofika, mwishoni mwa Novemba, alikuwa wa kwanza mlangoni, kandambili mkononi. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, Dativa jina lake, amevaa suruali, ana begi kubwa kuliko mgongo wake. Cletus naye aliitwa, amekaa kwenye kiti cha wagonjwa kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi, au fundi yuko garini?"

"Garini kuna spea tairi tu. Hiyo karatasi naweza kuiona?"

Leonadi aliitoa. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Dativa alisoma mstari wa juu tu, wenye neno refu, NoClassDefFoundError, akaiweka mezani taratibu, asiirushe. Leonadi aliliona hilo.

"Nieleze kama unavyomweleza mpakiaji," akasema.

"Wewe ni mpakiaji?"

"Njia panda, Nangurukuru."

"Basi sikiliza, baba. Programu hii imeandikwa kwa lugha inaitwa Java. Siyo kitu kimoja. Ni vifaili vingi vidogo, kila kimoja kinaitwa klasi, na kila klasi inajua kazi yake moja. Hii inaandikisha wagonjwa. Hii inahesabu dawa. Hii inatafuta wachangia damu. Mwandishi akimaliza kuandika, anaipitisha kwenye kompaila, ndiyo mkaguzi wake. Kompaila inaangalia klasi zote zimo, zinajuana, ndipo inapitisha. Hiyo ilifanyika Dar, ikapita bila tatizo."

"Ikafa huku."

"Ikafa huku. Kwa sababu Java ikifanya kazi haipakii klasi zote kwa mara moja. Inaita moja moja, kazi ikifika. Asipotokea mtu wa kutafuta damu, klasi ya damu haiitwi, na hakuna atakayejua kuwa haipo."

"Ilikaa hivyo siku ngapi?"

Dativa akamtazama Cletus. Cletus akajibu bila kuinua kichwa. "Tuliipachika tarehe ishirini na sita Agosti. Siku kumi na tisa ilikuwa nzima kabisa. Niliisifia hadi kwa Mganga Mkuu."

"Ulijaribu nini siku ile?"

"Nilichojua. Nilifikiri imepotea njia, nikaandika upya njia ya kutafutia klasi. Ikakataa. Kwenye flopi iliyotoka Dar kulikuwa na maandishi ya programu yenyewe, nikajaribu kuyapitisha kompaila hapahapa. Ikaniambia haitambui majina, mistari arobaini ya makosa. Na dada wa wodini anapiga mlango."

"Hata mimi ningeanza hivyo," Dativa akasema.

Akaingia kazini. Leonadi alisimama nyuma yake asubuhi nzima, hakutaka kiti. Kwanza Dativa alitazama toleo la Java, lisije likawa la Dar ni jipya na la huku ni kuukuu. Yalikuwa sawa. Akatazama njia ya kutafutia klasi, Cletus aliiandika barabara. Akafungua folda kuu ya programu, akahesabu vifaili kwa kidole kwenye kioo. Arobaini na moja.

"Vinatakiwa hamsini na vinane. Kumi na saba havipo, na vyote ni vya folda moja, folda ya damu." Akageuka kwa Cletus. "Hukufuta wewe. Mtu akifuta, folda hubaki na alama zake. Hapa folda haijawahi kuwepo."

Cletus akafunika uso kwa viganja.

"Wakubwa watasema unamkinga," Leonadi akasema.

"Watasema. Ndiyo maana nataka kuipata yenyewe. Ila kuna jambo jingine, baba. Sijui kama unataka kulijua."

"Sema."

"Majina ya wachangiaji hayakupotea. Yamo humuhumu, faili lake ni zima. Kilichokosekana ni klasi ya kuyasoma. Nikilifungua kama maandishi ya kawaida, yanaonekana."

Akalifungua. Akatafuta O hasi. Yakatoka matatu. Mmoja aliandikiwa kwamba amehamia Dar. Wa pili alikuwa Maftaha, mkulima wa Njinjo. Wa tatu Dativa alimsoma kwa sauti ya chini: Abilahi, Nangurukuru, muuza petroli.

Leonadi aliweka kandambili zake sakafuni, akazivaa, kibao kile mbele ya macho yake. Abilahi alikula wali kwa Apolonia kila siku ya Mungu, meza ya mwisho, karibu na mapipa yake. Na ile Jumanne ni Abilahi aliyeshika kichwa cha Apolonia wakimpandisha kwenye pikapu, akabaki barabarani kwa kuwa nafasi iliisha.

Kisha Dativa akapiga simu Dar, kwa Sixbert, mwandishi wa programu. Aliongea naye kwa kifupi, akaandika kwenye kiganja, akakata.

"Programu ilikuwa kubwa, haikuenea kwenye flopi moja. Alitumia mbili. Ya kwanza aliituma kwa basi Jumatatu. Ya pili ilikuwa na ubovu, akarekodi upya, akaituma Jumanne kwa bahasha yake. Zote ziachwe Nangurukuru, bandani kwa mama lishe, kama vifurushi vyote. Jumatano alipiga simu ofisi ya Mganga Mkuu, akauliza bahasha imefika? Akajibiwa imefika."

"Ilifika moja," Cletus akasema. "Niliyopewa ni moja. Sikuambiwa ni mbili."

"Naye hakuuliza ngapi," Dativa akasema.

Leonadi akasema anakwenda kujisaidia. Akatoka, akapanda baiskeli yake, akaenda zake nyumbani.

Njiani alikumbuka yote, hata asichotaka. Bahasha ya kwanza aliileta yeye mwenyewe, kwa baiskeli hiyohiyo, kilomita kumi na tano za vumbi. Hapakuwa na mtu wa kuipokea. Wakamwambia ni ya Mganga Mkuu mwenyewe, angoje. Akangoja juani tangu saa nne mpaka saa saba, akachoka, akaegemea Landkruza ya mradi. Mganga Mkuu alitokeza dirishani mwa ofisi akamwambia asiegemee gari, litachubuka. Akanyoosha mkono dirishani humo, akachukua bahasha, akafunga kioo. Wala asante.

Kesho yake jioni Apolonia alikuwa anaosha sufuria. "Baba Getrude, basi limeacha bahasha nyingine ya hospitali."

"Waje."

"Imeandikwa ya haraka."

"Wana gari lisiloegemewa. Waje nalo. Mimi si tarishi wao."

"Haya, usinitolee macho, si mimi niliyekuweka juani." Akacheka. Alikuwa na mazoea ya kumcheka akinuna.

Dereva wa hospitali alipopita kula, Apolonia alimwambia. Dereva akasema hawezi kubeba kitu cha ofisi bila barua. Akamwambia tena wiki iliyofuata. Dereva akasema amefikisha habari, wakubwa hawajatoa barua. Apolonia akaitia bahasha kwenye kopo lake la biskuti, mahali alipoweka vifurushi visivyo na mwenyewe, akaendelea kupika.

Baada ya maziko Leonadi alilifunga banda na kulisukuma kopo chini ya kitanda. Sasa alilivuta. Ndani kulikuwa na funguo za mtu, miwani, picha mbili za pasipoti, na bahasha ya kaki. Aliichana. Flopi nyeusi, na kijikaratasi: Nambari 2, wachangia damu, isipowekwa hii, ya kwanza haitakamilika.

Alikaa kitandani nayo mapajani. Barua, alijiambia. Walitaka barua. Mtu na ufunguo wake mfukoni, mtu na gari lake, mtu aliyejibu imefika bila kufungua macho. Hao ndio. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara alikuwa anamsikia Apolonia akicheka kwenye sufuria zake.

Kesho yake saa tatu walikutana ofisini kwa Mganga Mkuu. Mezani palikuwa na barua ya Cletus, imeshapigwa mhuri, inangoja saini. Cletus alikuwa na shati la Jumapili. Leonadi alikaa karibu na dirisha, na flopi mfukoni, upande uleule wa nailoni.

"Bibi fundi anasema eti bahasha zilikuwa mbili," Mganga Mkuu akaanza. "Ofisi hii ilipokea moja. Nyingine haina ushahidi kama ilitumwa. Kilicho wazi ni kwamba kompyuta ilikuwa mikononi mwa huyu bwana."

"Kondakta anakumbuka kuishusha," Dativa akasema. "Anasema alimpa mama mwenyewe, mkononi."

"Marehemu tena? Basi tumlaumu marehemu?"

"Usimtaje," Leonadi akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amejiandaa usiku kucha: ataitupa flopi mezani, atataja dereva, ataitaja barua, ataitaja Landkruza. Maneno yalikuwa yamepangika vizuri kama mizigo juu ya basi. Lakini dereva angeitwa. Na dereva alikuwa mezani jioni ile, anakula, Leonadi akisikia, Apolonia alipomwambia, "Mimi nilimwomba mume wangu aipeleke, amekataa."

Mganga Mkuu akafungua kalamu. Cletus alikuwa anamtazama Leonadi, si Mganga Mkuu. Dativa akavuta kiti chake karibu, akaongea polepole, kwa heshima, kama mtu anayeuliza njia.

"Baba, bahasha hiyo ililetwa bandani kwenu. Mama hakukuambia kitu?"