Jiwe la Mfukoni mwa Marcellin

Tik. Kizibo cha kibuyu cha mawese. Alfajiri, kabla jogoo hajawika, nilimsikia mama mkwe wangu akikifungua gizani, kisha kidole chake kikiteleza juu ya jiwe polepole, kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha.

Miezi minane alifanya hivyo. Marcellin, mwanawe, mume wangu, alikufa huko Kabambare kwenye karieri, pale wanapochimba marumaru, ukuta wa mawe ulipomwangukia. Barua ilisema tu: amezikwa karieri. Lakini karieri zilikuwa tatu, kila moja mbali na nyingine, na kapita, msimamizi wa wachimbaji aliyemzika, alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Sisi tuliletewa kaputula yake, na mfukoni jiwe moja, kubwa kama yai. Katika ukoo wao, mtu akifia mbali na mwili usirudi, kitu cha mwisho alichokishika ndicho kinacholiliwa. Mama akalilaza jiwe kwenye mkeka wa mwanawe.

Mimi nilitaka kaburi. Nilitaka Mado, binti yetu wa miaka mitano, asimame siku moja mahali na kuambiwa: ni hapa.

Bwana Verlinden, mzungu aliyemtuma Marcellin kule, alikuwa akitafuta mahali ilipochimbwa marumaru ya kizingiti cha nyumba moja ya zamani ya Waarabu, hapa Kasongo. Mimi nilimwandikia karatasi za kubandika kwenye mawe yake, maana masomo ya jioni yalinipa mwandiko safi. Kazi yake niliiona kwa macho. Anavunja jiwe, anachungulia chembe zake kwa kioo cha kukuzia, anatonesha asidi, povu linatoka. Kipande kingine anakisaga mpaka kinapitisha mwanga. Karieri moja, chembe zake ni kama unga wa muhogo. Nyingine ni kama chumvi ya mawe. Ya tatu ina rangi ya majivu. Ukimpa jiwe, anakutajia shimo lake.

Basi nikasema, "Mama, tumupelekee muzungu ile jiwe. Atatuonyesha karieri ya Marcellin."

"Atalifanya nini?"

"Atalivunja kidogo tu. Mafuta imelifanya jekundu, juu haionekane kitu."

Akacheka kicheko kibaya. "Ee, Mama Mado! Kumbe jioni kule wanawafundisha kuvunja mifupa ya bwana zenu?"

Siku tatu hakugusa ugali niliopika. Jumapili, tulipotoka misa, akalifunga jiwe katika kitambaa, akanitangulia njiani, Mado akimkimbilia nyuma. Tulipofika, Bwana Verlinden akanyoosha mkono kuchukua nyundo. Mama akamzuia.

"Nilimuzaa mimi. Nitapiga mimi."

Akapiga mara moja.

Ndani jiwe lilikuwa jeupe, lenye mshipa wa buluu. Bwana Verlinden akainama na kioo chake, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Akatonesha asidi. Akaenda kabatini, akaleta jiwe jingine, akayaweka pamoja. Nikaona shingo yake inakuwa nyekundu.

"Si la karieri hata moja," akasema. "Ni la kizingiti cha hapa Kasongo. Nilikata kipande mwenyewe, nikamupa Marcellin akilinganishe na mawe ya kule. Kwa mafuta ile sikukitambua."

Niliyashika maneno yale moja moja. Jiwe lilitoka hapa, likaenda Kabambare, likarudi hapa. Lisingeweza kututajia karieri alikolala mume wangu, hata tungelisaga likawa unga.

Mama akaketi chini, vipande viwili mapajani. "Nimemuvunja bure," akasema. "Mutoto wangu. Nimemuvunja kwa mukono yangu, na wewe unaniangalia tu."

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, nitaandikia karieri zote tatu. Mvua ikiisha tutakwenda, tutauliza wachimbaji, moja mpaka nyingine."

"Kwa magoti ya nani? Yangu hii?"

"Nitakubeba."

"Wewe! Ndoo ya maji inakushinda." Lakini machozi yake hayakusimama, wala yangu.

Mado alikuwa mlangoni. Akaja taratibu, akavitazama vipande vile mapajani mwa bibi yake, akaviacha, akamshika shavu.

"Koko," akamwita bibi yake, "hukumuvunja. Baba angali kule."