Siki ya Mzee Zablon

Mtu mwenye akili zake akitaka kuficha gongo ataifukia shambani, au ataiweka kwa jirani asiyependa maswali. Mzee Zablon wa Maneromango aliitia kwenye chupa ya siki, akaificha stoo kwake mwenyewe, katika nyumba ambayo mkewe haweki pilau mezani bila vitunguu vya siki. Tumsamehe. Siku ile alikuwa na haraka.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka juzi. Zablon alikuwa ametoka kusimama mbele ya usharika na kusema kwa kinywa chake kwamba yeye na pombe basi. Wazee wenzake wa kanisa walimpigia makofi. Aliporudi nyumbani, chini ya kitanda akakuta bado kuna chupa moja haijaguswa. Kuimwaga aliona uchungu, na kuinywa asingeweza, kiapo kilikuwa bado cha moto. Akatafuta njia ya katikati, kama tulivyo wanadamu. Aliihamishia kwenye chupa tupu ya siki, akaisukuma nyuma ya pampu ya kupulizia mikorosho, akajiambia kwamba asiyekunywa kwa kukosa hajaacha, amekosa tu. Yeye ataacha huku ipo.

Na kweli aliacha. Jioni moja moja, hasa akigombana na mtu au mikorosho ikikataa kuzaa, aliingia stoo, akaitazama ile chupa, akatoka. Kijijini watu walisema subirini korosho ziuzwe, mtamwona. Marselina mkewe hakusema anaamini wala haamini. Yeye alisema, "Tutaona," na neno hilo lilimkaa Zablon kooni kuliko masengenyo ya kijiji kizima. Alitamani kuaminiwa na mwanamke yule, na hakujua mtu anaombaje kitu kama hicho.

Sasa ikafika Jumamosi ya wageni. Walikuwa wanatoka Kibaha, mtaa wa Pangani, kuja kumposea kijana wao Adrian binti wa Zablon, Aneth. Mama wa Adrian, Bi Consolata, alikuwa mjane. Mumewe alimalizwa na pombe, akamwachia kesi za majirani na mabati yanayovuja. Kabla ya kukubali kufunga safari aliuliza jambo moja tu: baba wa binti anakunywa? Akajibiwa, alikuwa anakunywa, ameacha. Akasema basi atakuja amwone.

Flaviana, mdogo wake Zablon aliyeolewa kijiji cha Janga, alifika tangu jana yake, amebeba mafua na amri. Asubuhi akamkabidhi kaka yake beseni la vitunguu na kisu.

"Vyembamba, kaka. Hivyo ni vitunguu, si kuni."

"Nimekata vyembamba."

"Hicho hapo kinaweza kuezekea banda. Na unalia nini? Binti haondoki leo."

Zablon alifuta macho kwa kiwiko akaendelea kukata. Vilikuwa vitunguu vyekundu vizuri, vimekaza maganda. Alipomaliza, Flaviana alivimiminia chumvi, akavifikicha kwa mikono mpaka vikalegea na kutoa maji, akavisuuza, akavikamua, akavisuuza tena. Ukali ukaondoka na maji. Akakamulia ndimu, akaweka sukari ya kulamba na pilipili mbuzi iliyochanwa ubavuni. Ilibaki siki tu.

"Kaka, nenda kachukue viti kanisani," akasema, kisha akapiga chafya. "Hapa ulipofikia panatosha, utatuharibia."

Zablon alikwenda, akafunga viti vya plastiki kwenye baiskeli, akaisukuma kwenye matope huku akijihisi baba wa mtu kweli kweli. Aliporudi akachungulia jikoni. Juu ya meza ilisimama chupa ya siki, tupu. Aliijua kwa karatasi yake iliyochanika pembeni. Kando yake bakuli la vitunguu limefunikwa kwa sahani.

"Siki imetoka wapi?" akauliza.

"Stoo kwako," Flaviana akasema kwa sauti ya puani. "Ya dukani imekwisha, nikasema nipekue. Nyuma ya pampu! Nyumba hii hata siki mnaificha?"

Marselina alikuwa anageuza pilau. Hakugeuka.

Zablon alitazama pua ya dada yake, nyekundu na imeziba kama mdomo wa kibuyu, akaelewa kwa nini hajanusa kitu. Jiko zima lilikuwa linanuka pilau, na yeye mwenyewe hakuthubutu kusogeza uso karibu na lile bakuli. Akamsogelea mkewe.

"Mama Aneth. Ile siki."

"Ile siki imefanya nini?"

"Nasema isije ikawa... imekaa sana."

"Siki huwa inaoza, baba Aneth?"

"Haiozi."

"Basi?" Marselina akamtazama sasa, mwiko mkononi, akangoja. Akangoja kwa uvumilivu mkubwa, uso hauna neno. Nje gari likapiga honi. Wageni walikuwa wamefika.

Noah waliyokodi ilikuwa imekwama mara kadhaa, na walishuka wakiwa na matope mpaka magotini. Bi Consolata alikuwa mwembamba, mtulivu, mwenye macho ya mtu anayekagua nyumba bila kugeuza shingo. Msemaji wao alikuwa jirani yake wa Pangani, Mzee Hamidu, aliyevaa kanzu, na kofia yake ilikuwa bado safi hata baada ya kusukuma gari. Alikuwa mcheshi, na kwa kuwa asili yake ni Masaki, hii ya Kisarawe, familia ile ya Kikatoliki ilimwona Mwislamu huyu ndiye atakayewajulia wenyeji lugha yao.

Zablon alipomwona alipata hofu ya pili. Kumlisha Bi Consolata gongo ni aibu. Kumlisha Mzee Hamidu, mtu ambaye tangu azaliwe hajaonja, ambaye amekuja kwa heshima kula chakula cha nyumba hii, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Akikaa kimya atakuwa amemkosea mtu mwema. Akisema, Bi Consolata atanyanyuka na posa nayo itarudi Kibaha.

Chakula kikaandaliwa. Bakuli la vitunguu likawekwa katikati, nalo limefunikwa. Mzee Hamidu alisema bismillahi, akanyoosha mkono. Zablon akalivuta bakuli upande wake.

"Samahani, mzee mwenzangu. Kwetu vitunguu haviliwi kabla ya neno kusemwa."

"Neno gani?"

"La posa. Ni mila."

Marselina aliinua nyusi. Flaviana alipiga chafya.

"Mila ya wapi?" Mzee Hamidu akauliza kwa upole.

"Ya hapa. Ya Wazaramo."

"Mzee Zablon, mimi kitovu changu kimezikwa Masaki. Bibi yangu kanilea kwa mila mpaka nikazikimbia, nikahamia Kibaha. Hiyo ya vitunguu sijaisikia."

"Masaki mbali."

"Masaki na Maneromango ni mbali?"

"Kwa mila, mbali."

Wageni wakacheka. Zablon akaona amepona: maneno ya posa yana mizunguko yake, jogoo na tetea, ua na bustani, mpaka yaishe pilau itakuwa imekwisha na vitunguu vitarudi jikoni, avimwage. Lakini hakumjua Mzee Hamidu na pilau.

"Basi niliseme upesi," Mzee Hamidu akasema, "maana pilau bila vitunguu inanikwama. Nilikuwa nimeandaa hadithi ya jogoo, nimeiacha njiani kwenye matope. Adrian anamtaka Aneth. Mnatupa?"

"Haraka hivyo?" Zablon akasema. "Lazima binti aulizwe."

Aneth akaitwa. Akasimama mlangoni, kanga imeshuka mpaka kwenye macho.

"Mwanangu, wageni hawa unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Tupokee maneno yao?"

"Pokeeni, baba."

"Fikiri vizuri. Tukuulize tena baadaye?"

"Mkiniuliza tena baba, jibu ni hili hili."

Flaviana akapiga kigelegele kikakatishwa na kikohozi. Wageni wakapiga makofi. Mzee Hamidu alinyoosha mkono, akalivuta bakuli kutoka kwa baba mkwe kwa adabu zote, akafunua sahani. Vitunguu viling'aa, vyekundu vya kupendeza, vimelegea kwenye maji yake ya rangi ya waridi. Akachota kijiko kizima.

Zablon alitazama kijiko kikipanda. Angeweza kusema kuna nzi. Angeweza kuangusha jagi. Alimtazama binti yake mlangoni, anatabasamu chini ya kanga, na moyo ukamuuma kwa sababu alijua anakwenda kuliondoa tabasamu lile.

"Mzee Hamidu, weka kijiko chini. Usile, nakuomba."

"Kuna mila nyingine?"

"Hakuna mila, hiyo nimeitunga mimi. Humo mna gongo." Akaweka kiganja juu ya bakuli. "Ni yangu. Niliificha kwenye chupa ya siki siku niliyoapa kuacha. Sijainywa. Najua hamtaamini, na mimi nisingeamini. Lakini siwezi kukaa hapa nikutazame ukila haramu ndani ya nyumba yangu ili mimi nionekane mtu."

Mzee Hamidu aliweka kijiko taratibu. Tabasamu la Aneth likafutika. Bi Consolata alisukuma sahani yake mbele kidogo, akaweka mikono mapajani, na Zablon akaona kwamba gari litageuzwa sasa hivi.

Marselina alinyanyuka. Alikwenda mpaka kwa Mzee Hamidu, akachukua kile kijiko alichokiweka, akakitia mdomoni chote, akatafuna huku watu wote wakimwangalia.

"Pilipili imekolea," akasema. "Mzee Hamidu, kula. Ni siki."

"Mama Aneth, si siki," Zablon akasema. "Mimi ndiye niliyeitia."

"Na mimi ndiye niliyeitoa. Niliikuta wiki ile ile. Unadhani stoo hiyo nafagia macho nimefumba? Gongo yako niliimwaga kwenye shina la mgomba, nikaisuuza chupa, nikajaza siki, nikairudisha nyuma ya pampu. Nikasema tutaona. Siku atakayokwenda kuinywa atatoka stoo amekunja uso kama kalamba ndimu, na mimi nitakuwa nimekaa hapo mlangoni." Akageukia wageni. "Nimekaa mpaka nimechoka. Hajatoka amekunja."

Mzee Hamidu alisogeza bakuli puani, akanusa, akanusa tena, kisha akaanza kucheka mpaka kofia ikamwinama.

"Kwa hiyo muda wote huu baba mkwe alikuwa anapigana na siki!"

"Na alikuwa anaiogopa!" Flaviana akadakia. "Nilipoitoa ilikuwa imejaa mpaka shingoni, kizibo kimeota vumbi, nikakifuta kwa kanga yangu hii."

Bi Consolata hakucheka. Alimtazama Zablon kwa muda.

"Uliingia humo stoo mara ngapi?"

"Nyingi, mama. Nyingine nilikaa humo."

"Na ukatoka."

"Nikatoka."

"Mume wangu angesema ni siki," Bi Consolata akasema. "Angetuacha tule." Kisha akaivuta sahani yake, akachota vitunguu, akaviweka juu ya pilau, akala. Mzee Hamidu akafuata, akamalizia na vya jirani. Kuanzia hapo hakuna aliyemwita Zablon kwa jina lake. Walimwita Baba Siki, na walipokuwa wanapanda gari Mzee Hamidu alimnong'oneza kwamba ile mila ya vitunguu ataipeleka Masaki, haiwezekani jambo tamu kama lile likose watu.

Jua lilikuwa bado lipo juu ya mikorosho walipoondoka. Flaviana alilala na mafua yake. Aneth alikuwa uani na simu, anacheka peke yake. Zablon alimkuta mkewe anaosha masufuria, akakaa kwenye kigoda, akachukua kitambaa akawa anakausha, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu waoane.

"Mwaka mzima na zaidi," akasema. "Ungeniambia."

"Ningekuambia ningejuaje?"

Zablon alikausha sahani ile ile mpaka ikaanza kulia. Aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na furaha asiyojua pa kuiweka.

"Na kama ningeinywa?" akauliza.

Marselina alikwangua ukoko chini ya sufuria, akaumwaga kwa kuku.

"Ungekunja uso, baba Aneth. Mimi ningecheka mpaka niishiwe nguvu. Halafu ningeijaza tena."