Kuosha Bila Kung'arisha

"Mama, toka hapo, maji itakupiga!" mkwe wangu Évariste alinipigia kelele, na kabla sijamjibu mashine ikanguruma, mpira wake ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Alikuwa ameikodi kule mtaa wa Makiso, mashine ya kusukuma maji kwa nguvu, ili nyumba ya marehemu mume wangu iwe safi siku ya kuondoa matanga. Binti yangu Marthe alisimama kando akitabasamu. Kazi ambayo baba yake aliifanya kwa wiki nzima kila Desemba, mume wake angeimaliza kabla majani ya pondu hayajaiva jikoni.

Mimi nilisimama mbali, mikono kifuani. Sikuipenda mashine ile. Chini ya dirisha la sebule chokaa ilianza kubanduka vipande vipande, na nyuma yake kitu cheusi kikaanza kujitokeza. Nilikijua. Nilidhani tulikwisha kukizika, mimi na baba yake Marthe.

Mume wangu Muhindo alikuwa Mnande wa Butembo, muuza misumari na mabati, mtu wa misa ya kwanza. Wanaume wengine wana pombe. Yeye alikuwa na ukuta wa mbele. Ukuta wa chokaa, alisema, hausuguliwi, unabembelezwa. Unaulowesha kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakiteremka kwenye sehemu kavu huacha michirizi isiyotoka. Kisha unausuuza kutoka juu kwenda chini. Jirani yetu wa nyuma, Nyota, wa zile familia za Kiislamu zilizofika mjini tangu zama za misafara, alikuwa akiniuliza kama na mimi huwa naoshwa kuanzia miguuni. Nilikuwa nikimjibu kwamba hilo halimhusu.

Halafu ikaja Juni ya mwaka 2000. Majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia nchini yakiwa marafiki, yakagombana katikati ya mji wetu, na sisi tukawa ndani ya ugomvi kama panya ndani ya gunia. Tulilala kwenye kolido, magodoro tumeyaegemeza milangoni, Marthe nimemlaza katikati yetu, bado mdogo hata hajui kuogopa vizuri. Bomu likipita juu ya paa, alikuwa akiuliza kama ni ndege ya Butembo. Bomba lilikauka siku ya kwanza. Tulibaki na pipa moja la maji ya mvua, na kila kikombe nilikipima kwa macho. Kutoka nje ilikuwa kifo. Kukaa ndani ilikuwa kusikiliza kifo kikichagua nyumba. Nilichoka kuogopa mpaka nikaanza kukasirika, nikazikasirikia kuta zenyewe, kolido yenyewe, hata pumzi ya mume wangu.

Askari wa upande mmoja walikuja wakalala uani kwetu. Walikula maharagwe yetu, na walipokuwa wakiondoka mkubwa wao akataka kutushukuru. Alisaga makaa, akayachanganya na mawese yangu, akaandika ukutani jina la kikosi chao kwa herufi kubwa kama sinia, ili wenzake wasituibie. "Sasa mko salama," alisema, na nadhani aliamini. Kesho yake wakasukumwa hadi ng'ambo ya daraja la Tshopo, na maadui zao wakaanza kushuka, barabara moja baada ya nyingine.

Kichwa cha Nyota kikatokea juu ya ukuta wa nyuma. "Mama Marthe! Kule avenue ingine wamebeba papa moja, baba ya watu, juu nyumba yake iko na maandiko kama hii yenu. Wamemutupa mu camion ya askari. Mufute, mufute mbio!" Kichwa kikapotea kabla sijasema asante.

Muhindo alinyanyuka akachukua burashi na chupa ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Nilimtazama nikiwa mlangoni. Alianza na herufi ya mwisho. Alisugua, na makaa yakatoka kweli. Lakini ukuta ule ulikuwa haujaoshwa tangu Desemba, umevaa kuvu la kijani, na javeli ikaondoa makaa na kuvu pamoja. Alipouondoa mkono, herufi ilikuwa palepale, nyeupe pe, inasomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

"Bon," alisema polepole. "Donc tunaosha ukuta yote."

"Na maji gani? Ile ya kunywa Marthe?"

"Kavugho, tutafanya nini basi?"

"Ukiosha yote, nyumba yetu peke yake itang'aa mu avenue. Watauliza, juu ya nini mutu anaosha nyumba mu vita? Tuoshe bila kung'arisha. Kisha tuchafue."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia amtemee mate mama yake. Risasi zilikuwa zikilia upande wa uwanja, nasi tumesimama tunabishana habari ya ukuta! Nilimpenda na nilitaka kumzaba kofi, vyote kwa pamoja. Lakini lisilo budi hutendwa. Nilichemsha maji kidogo na majivu, nikampa kitambaa. Akaikanda herufi moja moja, bila kusugua, mpaka mawese yakalegea na weusi ukahamia kwenye kitambaa. Kilichobaki kilikuwa kivuli. Mimi nikakwangua masizi ya sufuria, nikazoa tope la mferejini, nikaanza kupaka. Yeye alisimama mikono imening'inia. Kisha akainama, akachota tope, akalipaka pamoja nami, na kwa mazoea yake akalipaka kuanzia chini kwenda juu. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kanga, na hakukuwa na la kuchekesha.

Wale maadui wa kikosi kile walifika tope likiwa bado bichi. Wengi wao walibaki langoni, bunduki mkononi. Mkubwa wao akasimama mbele ya ukuta, akapitisha kidole, akakitazama. Nje lori lilikuwa linanguruma.

"Mbona hapa pachafu hivi? Mnaficha nini?"

Muhindo, ambaye hakuwahi kumruhusu hata mama yake aniseme vibaya, alinyoosha kidole kwangu.

"Ni bibi yangu, chef. Iko muvivu. Anamwangaka maji ya vyombo hapa kila siku. Miye nimechoka na yeye."

Wote wakanigeukia. Nilielewa. Nikasonya kwa nguvu zangu zote. "Na wewe unaoshaka nini? Unajua kulala tu!"

Mmoja langoni akacheka, kisha mwingine. Mkubwa akapangusa kidole kwenye shati la mume wangu, akamshauri atafute mke mwingine, akatoka. Lori likasogea hadi nyumba inayofuata, na sisi tukabaki tumesimama hapohapo, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kusogea.

Usiniulize tulijisikiaje. Muhindo aliingia kolido, akakaa sakafuni. Hakuweza kunitazama usoni. "Nilikosa maneno ingine," alisema. Nilimwambia maneno yale yalitosha sana. Hatukuyazungumza tena. Ila tangu mwaka ule, kila Desemba nikishika burashi alikuwa akiitoa mkononi mwangu taratibu, akiniwekea kiti mbele ya nyumba ili kila mpita njia anione, na kusema, "Kaa, Mama." Ndivyo alivyoniomba msamaha, mwaka baada ya mwaka, mpaka maradhi yalipomlaza. Na pale chini ya dirisha alikuwa akipaka chokaa tabaka juu ya tabaka. Mimi nilidhani ni ule ugonjwa wake wa ukuta. Kumbe mawese yalikuwa yameingia ndani ya lipu, na chokaa haishiki juu ya mafuta.

Sasa mashine ya Évariste ilikuwa imebandua tabaka zote. Herufi zilikuwa nje tena, hafifu lakini zinasomeka.

"Mama, hii iko nini?" Marthe aliuliza. "Nani aliandika?"

"Ngojeni, naongeza nguvu," Évariste akasema. "Itatoka tu."

"Zima."

Akazima. Maji yalikuwa yamekusanyika mferejini, mekundu, mazito. Niliinama polepole, maana mgongo wangu si wa mwaka ule, nikachota tope kwa mikono yote miwili, nikaanza kulipaka ukutani, kuanzia chini kwenda juu.

"Mama! Wageni wanakuja kesho! Watu watasema nini?"

"Waambie mama yenu iko muvivu," nikasema. "Papa yenu alisema yeye mwenyewe, mbele ya watu."